Lita Moja kwa Siku

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa mmepewa friji zinazotumia jua. Mnapanda juu ya paa mara moja kwa mwezi, mnapangusa vumbi kwenye bamba, mnashuka, na siku imeisha. Siwaonei wivu, isipokuwa siku chache. Lakini juzi kijana mmoja mwenye stashahada aliniuliza, hapa Bungoma, kwa nini sisi wa zamani tulipoteza chanjo nyingi hivyo, ilhali kazi yenyewe ni kuweka chupa mahali pa baridi tu. Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu alikuwa na haraka. Jibu refu ni hili.

Friji zetu ziliendeshwa kwa mafuta ya taa. Anayesikia hivyo kwa mara ya kwanza hucheka, maana anajiuliza moto utaletaje baridi. Mimi pia nilicheka nilipoajiriwa Kitale. Chini ya friji kulikuwa na tangi dogo na utambi wa mviringo, na nyuma yake bomba la kutolea moshi. Moto ulichemsha dawa iliyofungiwa ndani ya mabomba membamba. Dawa ikapanda ikiwa mvuke, ikapoa, ikashuka upande wa pili huku ikifyonza joto la kabati. Hakuna mota, hakuna sauti. Friji moja ilikunywa karibu lita moja kwa siku, siku zote, Krismasi ikiwemo. Shikeni hesabu hiyo, kwa kuwa miaka yangu mingi kazini niliitumia kuitafuta hiyo lita.

Aliyenifundisha ni Mzee Barasa, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye hakusoma kupita darasa la nne. Mfuko wake ulikuwa na vitu vinne: mkasi wa utambi, brashi ndefu ya bomba, kisahani cha chai, na karatasi nyeupe. Kisahani alikijaza maji, akakiweka juu ya friji, akachuchumaa kutazama. Maji yakielekea upande mmoja, friji imeinama, na friji iliyoinama haipoozi hata ukiiwashia tanuru. Utambi aliukata kama kinyozi, akirudi nyuma kutazama, akirudi tena kupunguza unywele mmoja uliozidi. Moto aliutaka wa buluu. Moto wa njano, alisema, ni moto wa kupikia chai, na sisi hatupiki chai.

"Friji haijui una diploma," aliniambia siku ya kwanza. "Inajua tu utambi umekatwa sawa ama haujakatwa."

Ile karatasi nyeupe ilikuwa ya kupimia mafuta. Alichovya kipande ndani ya jerikeni, akakianika juani. Mafuta safi ya taa hukauka na kuiacha karatasi ilivyokuwa. Yakiwa yamechanganyika na dizeli, karatasi hubaki na doa lisilotoka, kama karatasi iliyofungiwa mandazi. Dizeli hutoa masizi, masizi huziba bomba, na bomba likiziba moto hujifia wenyewe.

"Pima kila mafuta unayopewa."

"Hata ya dukani, Mzee?"

"Hata ya duka la shemeji yako. Ya shemeji pima mara mbili."

Niliandika yote katika daftari, nikayapanga kwa namba. Kufuata ni jambo lingine.

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya nikiwa na miezi mitatu kazini, katika zahanati moja upande wa Kachibora. Nilikuta kipimajoto kinasoma saba. Kiwango kinaruhusu mpaka nane, lakini mimi nilitaka kupongezwa. Nikapandisha utambi, nikaondoka. Niliporudi wiki iliyofuata friji ilikuwa na ukungu mweupe wa barafu mlangoni, na nikajiona fundi. Mzee Barasa alitoa chupa ya chanjo ya pepopunda, akaitikisa, akaisimamisha dirishani. Tukaitazama. Baada ya muda vipande vyeupe vikaanza kushuka chini, kama maziwa yaliyokatika.

"Umeigandisha," alisema. "Hiyo sasa ni maji ya sindano."

"Lakini baridi si ndiyo tunataka?"

"Tunataka baridi inayotosha. Ati umezidisha ukadhani ni bidii."

Hakunishtaki kwa mtu. Alinipeleka kwa muuguzi nikaeleza kosa langu mwenyewe, kisha tukazitupa zote mbele yake. Kwa Mzee Barasa kazi yetu ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: chanjo iliyokufa haiingizwi mwilini mwa mtoto, hata kama ni nani ameagiza. Mama ambaye mtoto wake hakuchanjwa anajua hivyo, na atarudi. Mama ambaye mtoto wake amechomwa sindano ya maji anaenda nyumbani akidhani amekingwa.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilihamishiwa Bungoma, nikapewa friji kumi na saba na pikipiki moja. Siku za kwanza nilizunguka kuzikagua. Katika kituo kimoja sakafu ilikuwa imebonyea, na mtu fulani kabla yangu alikuwa ameisawazisha friji kwa kuweka kitabu kinene chini ya mguu mmoja. Kisahani changu kilionyesha kazi nzuri kabisa. Hata hivyo nilikitoa kile kitabu, nikaweka kipande cha mbao mahali pake, kwa sababu sijawahi kuona kitabu nikakiacha.

Kilikuwa makadirio ya matumizi ya serikali, ya mwaka uliokuwa umepita. Sikuwa nimejua kwamba kitu kama hicho huchapishwa na mtu wa kawaida anaruhusiwa kukisoma. Nilikisoma miezi kadhaa, jioni baada ya kazi, nikiwa na kamusi na rula. Kiingereza chake kilikuwa cha mawe. Nilianza na ukurasa wetu, na hapo nilishangaa jinsi tulivyojulikana. Kila kitu chetu kilikuwa na mstari wake: usafiri, sare, ukarabati wa majengo, mafuta ya vituo vya mashambani. Yaani ile lita yangu ilikuwemo. Mtu Nairobi alikuwa ameiandika, mwingine akaikubali, na Bunge likaipitisha.

Kisha nikafungua kurasa za ulinzi. Nilitazamia ziwe nyingi kuliko zetu kwa sababu jumla yake ilikuwa kubwa mno. Zilikuwa chache. Fedha zilizotengwa zilijaa mstari mzima, lakini maelezo yalikuwa maneno mawili matatu, na hapakuwa na njia ya kujua kama zilinunua viatu au ndege. Nilirudi nyuma kuhakikisha sijaruka kurasa. Sikuwa nimeruka.

Msinielewe vibaya. Sisemi nchi isiwe na jeshi. Miaka ile mpaka wetu na jirani haukuwa umetulia, na watu wa Malakisi, kule mpakani, walilala wakisikiliza. Nilichouliza, na bado nauliza, ni kwa nini brashi ya bomba inaandikiwa mstari wake na kutetewa mbele ya watu watano, na ndege haiandikiwi. Ndege za kivita, nilisoma baadaye, huchoma mafuta ya ukoo mmoja na mafuta ya taa. Zilipopita juu yetu zikifanya mazoezi ya sikukuu ya taifa, watoto walikimbia nje kushangilia. Mimi nilisimama nikipiga hesabu ya friji.

Neno moja nililojifunza katika kitabu kile, kwa msaada wa kamusi, ni nakisi. Nilihangaika nalo mpaka nikalielewa kwa njia ya kazi yangu, na nitawaeleza hivyohivyo.

Ndani ya friji tuliweka chupa za maji chini ya chanjo. Maji yale yakishapoa hutunza baridi. Sasa chukua friji ambayo moto wake ni dhaifu kidogo: kila siku joto linaloingia linazidi lile linalotolewa. Kipimajoto kinasema nne. Kesho nne. Keshokutwa nne. Msimamizi akija anatia sahihi kwenye chati na kwenda zake. Lakini baridi unayoisoma si ya leo. Ni akiba ya zile chupa, na kila siku unaipunguza. Siku akiba ikiisha, namba haipandi polepole, inaruka: asubuhi tano, jioni kumi na nne. Na wakati huo hakuna utambi utakaokuokoa kwa siku hiyo. Nchi inayotumia zaidi ya inachopata, na kukopa kufunika pengo, inasoma nne kwa muda mrefu sana. Anayesema tutazame moto anaambiwa analeta fitina.

Niliandika barua tatu kwa wizara kueleza haya, pamoja na grafu niliyochora kwa mkono. Nilijibiwa moja. Ilinitaka nipeleke barua hiyo kupitia kwa mkubwa wangu, nakala nne.

Mkubwa wangu nitamwita Bwana Simiyu, kwa kuwa silo jina lake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na gari lisilo na petroli na ofisi yenye simu iliyokatwa. Ilipofika robo ya tatu ya mwaka ninaotaka kuwaeleza, fedha za mafuta hazikuja. Wiki ya kwanza nilinunua ya mshahara wangu, kama tulivyozoea wote. Wiki ya pili pia. Friji kumi na saba ni lita kumi na saba kila siku, na mke wangu aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ningependa yeye na watoto wahamie ndani ya mojawapo.

Nikaenda ofisini.

"Mkubwa, mafuta yameandikwa. Nimesoma mwenyewe."

"Wewe na hiyo kitabu yako," alisema. "Kuandikwa si kufika. Wamesema kuna mambo ya dharura, pesa imezuiliwa kila mahali."

"Kila mahali? Leo asubuhi nimepishana na malori kumi na mawili ya jeshi kabla ya kufika Mabanga."

Alinyanyuka akafunga dirisha. "Fundi, hayo uyahesabu ukiwa peke yako."

Nilizifunga friji kumi, nikahamishia chanjo katika zile saba zilizobaki. Ya mbali zaidi ilikuwa juu ya Malakisi, kwenye mashamba ya tumbaku, katika zahanati nisiyotaka kuitaja jina. Muuguzi wake, Sista Agneta, alikuwa ameniambia surua imeingia vijiji viwili ng'ambo ya mto. Kliniki ya watoto ilikuwa Jumanne ya wiki iliyofuata, na yeye alikuwa amezunguka makanisa kuwaita akina mama. Ijumaa hiyo tangi lake lilikuwa limebaki na mafuta ya saa chache. Madukani hakukuwa na mafuta, na wakulima walikuwa hawajalipwa tumbaku yao, kwa hiyo hata wenye duka hawakuwa wameagiza.

Karibu na pale, kwenye uwanja wa mpira, wanajeshi walikuwa wamepiga kambi kwa sababu ya mpaka. Nilisukuma pikipiki mpaka kizuizini, nikavua kofia. Alitoka sajenti mmoja mrefu, Mkamba kwa matamshi yake.

"Wewe ni nani?"

"Fundi wa friji za chanjo, afande. Nimetoka pale zahanati."

"Hapa hatuna friji. Hata soda tunakunywa moto."

"Si kutengeneza, afande. Naomba mafuta ya taa. Yanayotosha siku nne."

Alinitazama, akawatazama wenzake. "Serikali inakuja kuomba serikali," alisema, nao wakacheka. Nikacheka pia, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha nikamweleza habari ya surua. Hakucheka tena. Aliniuliza kama ni ile inayofanya macho ya mtoto kuwa mekundu. Nikasema ndiyo.

Kwa kuwa alionekana msikivu, nilimwambia niliyoyasoma katika kitabu. Hapo aliinua mguu wake wa kulia, akanionyesha soli ya buti. Ilikuwa imefungwa kwa waya.

"Unaona hii? Hii ni mwaka wa pili. Watu wanaona lori wanasema jeshi inakula. Hiyo pesa yako ya kitabu, mimi nayo hatujawahi kukutana."

Nimeikumbuka buti ile kila ninapomsikia mtu akilaumu wanajeshi. Fedha ambazo hazielezwi zinatumiwaje zilimpita hata mwenye bunduki.

Alituma mtu akaleta jerikeni. "Hii ilikuwa ya taa zetu. Tutalala mapema. Lakini jerikeni nirudishie, iko kwa rejista."

Sasa sikilizeni kosa langu. Mfukoni nilikuwa na karatasi nyeupe. Jua lilikuwa kali, nafasi ilikuwepo. Lakini mtu amekunyima nini hata utoe karatasi mbele yake, uchovye ndani ya zawadi yake na kuianika kwenye usukani ili uone kama amekupa uchafu? Ninyi mmelelewa nyumba zilezile nilizolelewa mimi. Ukiletewa chakula hukinusi. Niliona aibu. Nilimshukuru kwa mikono miwili, nikafunga jerikeni kwa mpira wa baiskeli, nikaondoka. Nilijiambia nitapima nikifika. Nilipofika moto ulikuwa unakaribia kuzimika, nikamimina.

Jerikeni ile ilikuwa imewahi kubeba dizeli, na dizeli ilibaki chini. Yule sajenti hakujua. Moto uliwaka wa buluu kwa saa nzima nikiutazama. Nikamwachia Sista Agneta, nikaenda kuhudumia vituo vingine.

Jumamosi alikwenda kumzika shangazi yake Webuye. Alikuwa peke yake pale. Msaidizi wake alikuwa ameachishwa kazi na nafasi yake haikujazwa. Aliporudi Jumatatu asubuhi, ukuta nyuma ya friji ulikuwa mweusi na moto umezima. Kipimajoto kilisoma ishirini na sita. Angeweza kuandika nne. Hakuna aliyemwona. Aliandika ishirini na sita, akasafisha bomba kwa kijiti cha ufagio, akayamwaga mafuta yaliyobaki tangini, akatafuta vikombe vinne vya mengine kwa jirani, akawasha.

Jumanne nilipofika akina mama walikuwa wamejaa kwenye nyasi, labda sitini, wengine wametembea tangu alfajiri. Bwana Simiyu naye alikuwepo. Alikuwa amepata lifti kwenye gari la kampuni ya tumbaku. Kipimajoto kilisoma nne.

Nilifungua chati, nikaona ile namba ya Jumatatu. Nikamwonyesha.

"Hiyo ni ya jana," alisema. "Leo iko nne. Anzeni."

"Leo friji iko nne, mkubwa. Chanjo ilikufa tangu Jumapili."

Alinivuta kando, nyuma ya tangi la maji. Hakukasirika; alizungumza kama mtu anayesihi.

"Fundi, nisikilize. Tukimwaga, ripoti itasema wilaya imepoteza dawa. Wakisoma hivyo watasema hatujui kutumia, na robo ijayo watatukata tena. Hawa mama wametembea. Chanja, andika, tupate dawa ingine, tutawarudia baadaye."

"Tutawarudia tukiwaambia nini? Kwamba ile ya kwanza ilikuwa mchezo?"

"Si lazima waambiwe."

Nilimwelewa vizuri, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa anajaribu kuokoa mafuta ya miezi mitatu ijayo kwa sindano za maji za asubuhi moja, na kwa mpangilio wa kazi ulivyokuwa, hesabu yake ilikuwa sahihi. Ofisi nzima ilikuwa imefundishwa kuandika nne. Nilikuwa na watoto wanne shuleni. Nilifikiria jambo hilo kwa muda ambao sijivunii urefu wake.

Kisha nikaenda kwenye friji, nikatoa chupa zote za chanjo ya surua, nikamkabidhi Sista Agneta ashuhudie, nikazivunja shingo moja moja na kumimina ndani ya ndoo. Bwana Simiyu alitazama, akaenda kuketi ndani ya gari.

Kuwaambia akina mama ilikuwa kazi ngumu zaidi. Nilisimama mbele yao, nikasema friji ilizima kwa kukosa mafuta mazuri, chanjo imeharibika, na sitaki kuwadunga watoto wao maji. Nilitazamia matusi, nami ningeyakubali.

"Sasa mafuta ya serikali iliisha aje?" aliuliza mmoja aliyembeba mtoto wa kike wa miezi kumi hivi. Walimwita Mama Nafula. "Si tunalipa kodi kwa kila kitu, hata kwa hiyo mafuta yenyewe?"

"Unalipa, mama."

"Na friji inakunywa ngapi?"

"Lita moja kwa siku."

Waligeukiana, wakasemezana kwa Kibukusu. Mama mmoja mzee akasema, "Lita moja inatushinda? Bana, hiyo ni chupa tatu ya soda na kitu kidogo." Hapo wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe: kila nyumba ingeleta chupa moja ya soda ya mafuta, kutoka kwenye taa yake, kwa zamu, mpaka fedha zije. Mama Nafula alisema yeye ataleta siku chanjo itakaporudi.

Najua mngependa niseme nilifurahi. Nilishukuru, lakini sikufurahi. Watu waliokwisha kulipia mafuta yale kwa kodi walikuwa wanayalipia tena kwa kukaa gizani. Miaka ya tisini jambo hilo lilipewa jina zuri na kuwekwa kwenye mabango: wagonjwa wachangie gharama. Madeni yalikuwa yameiva, akiba ya zile chupa za maji ilikuwa imeisha, na namba ikaruka. Walianza kulipisha kadi, kisha sindano, kisha pamba. Mwishowe waliwapunguza wafanyakazi ili kuziba nakisi, na mimi nilikuwa kwenye orodha, nikiwa bado na nguvu za kusukuma pikipiki. Barua ilinishukuru kwa utumishi wangu. Sikuona popote nyakati zile kwamba ule mstari mwingine, ule wa ulinzi usio na maelezo, ulipunguziwa hata sare moja. Huenda ulipunguziwa. Siwezi kujua, na hiyo ndiyo shida yangu nao.

Nawaambia haya kwa sababu mmepewa friji nzuri na mtadhani hayawahusu. Betri zenu zitachoka siku moja. Mtakwenda ofisini kuomba nyingine na mtaambiwa kuna mambo ya dharura. Siku hiyo muwe mmesoma kitabu cha makadirio cha mwaka huo, mjue ukurasa wenu na ukurasa wa jirani. Na mafuta, au chochote mtakachopewa, mpime mbele ya anayewapa. Akichukia, mwambieni mimi ndiye niliyewafundisha utovu wa adabu.

Chanjo mpya ilifika Malakisi wiki tano baada ya siku ile. Muda wote huo friji iliwaka kwa chupa za soda, nami nilipima kila moja kwa karatasi, mbele ya mwenyewe, na hakuna aliyechukia. Siku ya kliniki akina mama walirudi, pungufu kidogo kuliko mara ya kwanza. Sista Agneta alidunga, mimi nilitia alama.

Mama Nafula alikuja akiwa wa mwisho. Mtoto alikuwa mgongoni, amekonda, ngozi ya uso ikiwa bado inabambuka. Jicho la kushoto lilikuwa na utando mweupe. Hakumficha. Alimshusha, akamweka juu ya meza yangu anitazame.

"Huyu hachanjwi," alisema. "Huyu ameshapata surua."

Niliweka kalamu mezani.

"Daktari, ile siku. Kama ungemchanja na ile dawa ulimwaga, ingemsaidia?"

"Hapana, mama. Ilikuwa imekufa."

"Kabisa?"

"Kabisa. Na iliyoiua ni mafuta niliyoyaleta mimi. Yalikuwa na dizeli. Nilikuwa na karatasi ya kupima mfukoni, nikaona aibu kuitoa mbele ya mtu aliyenisaidia."

Alimshika mtoto asianguke. Mtoto alinyoosha mkono kushika kalamu yangu, akaikosa, akanyoosha tena.

"Uliomba mtu kwa sababu mafuta ya serikali ilikosa."

"Ndiyo."

"Na hiyo ya serikali ilikuwa wapi?"

"Iliandikwa," nilisema. "Nimeisoma kwa macho yangu. Haikufika."

Alifungua kanga, akatoa chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, akaiweka mbele yangu. Nikaanza kusema aende nayo nyumbani, kwamba yeye hadaiwi kitu na mtu yeyote pale. Hakuningoja nimalize.

"Mimina," alisema. "Hii imefika."